Kuainisha Ndoana za Kale za Hawaii: Mwongozo Kamili, Kutoka Kwenye Chekeche Hadi Kwenye Jedwali

Mchimbuzi wa magofu ya Kilwa au Shanga, miji ya kale ya pwani yetu, akipotea katika tabaka zake, vigae humrudisha njiani. Kigae kimoja chenye mikato ya pembetatu, au kipande cha bakuli la Kichina, kinatosha kumwambia yuko karne gani. Sasa mpeleke mtu huyo huyo Hawaii. Atachekecha udongo wiki nzima asione kigae hata kimoja, maana Wahawaii wa kale hawakufinyanga vyungu. Walipika kwa mawe ya moto ndani ya shimo na kuandaa chakula katika vibuyu na bakuli za mbao. Atakachokiona, hasa kwenye mapango ya pwani na matuta ya mchanga, ni ndoana: za mfupa, za chaza lulu, nzima na zilizovunjika, pamoja na zile ambazo fundi aliziacha katikati ya kazi. Kazi inayofanywa na kigae kwetu, kule hufanywa na ndoana.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1950 Kenneth Emory wa Jumba la Makumbusho la Bishop, Honolulu, alichimba pango la Kuliʻouʻou kisiwani Oʻahu pamoja na wanafunzi wake. Mkaa wa pale ukapelekwa Chicago kwa Willard Libby, mwanzilishi wa kupima umri kwa kaboni, na jibu likarudi: mwaka 1004, kwa kosa la miaka 180 mbele au nyuma. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba visiwa vile vina tabaka zinazostahili kuchimbwa kwa mpangilio. Mwaka 1954 kijana wa Kijapani, Yosihiko Sinoto, alipita Hawaii akiwa safarini kwenda kusoma California. Akajiunga na uchimbuzi wa Ka Lae, ncha ya kusini kabisa ya kisiwa cha Hawaiʻi, na hakuondoka tena. Kwao Japani alikuwa amezoea kufuata mabadiliko ya vyungu tabaka kwa tabaka. Hawaii akayafuata kwa ndoana. Mwaka 1959 Emory, Sinoto na William Bonk walichapisha uchambuzi wa ndoana zaidi ya 4,000, na makundi waliyoyapanga ndiyo yanayotumika hadi leo, hata na wale wanaoyakosoa.

Mwongozo huu ni wa anayekaa mezani na trei ya vipande mbele yake. Ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: usikipe kipande jina la aina kabla hujaandika sifa zake. Ukishasema "hii ni ndoana ya aina fulani", jicho linaacha kutazama.

Majina ya sehemu

Tukubaliane maneno kwanza. *Shina* ni mkono unaofungwa mshipi. *Kichwa* ni mwisho wa juu wa shina, mahali mshipi unapokazwa. *Kitako* ni sehemu ya chini inayopinda. *Mkono wa ncha* hupanda kutoka kwenye kitako, na *ncha* yenyewe ndiyo inayochoma. *Mdomo* ni uwazi kati ya ncha na shina. *Kijino* ni kile kichongo kidogo kinachozuia samaki au chambo kisichomoke. Kwa Kihawaii ndoana ni *makau*, na ile ya kukokota juu ya maji iliyotengenezwa kwa gamba linalong'aa huitwa *pā*.

Hatua ya 1: Jua una nini mkononi

Hili si la kuweka mwishoni. Sehemu ya ndoana za Hawaii zilichongwa kwa mifupa ya binadamu, mara nyingi ule mrefu wa paja, kwa kuwa ni mnene, mgumu na ulionyooka. Kuchonga ndoana kwa mfupa wa adui ilikuwa dharau kubwa, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mifupa ya machifu ifichwe usiku mahali pasipojulikana. Kwa Wahawaii wa leo mifupa ya wazee wao, *iwi kūpuna*, ni kitu cha heshima, haichezewi.

Kwa hiyo kabla ya kupiga picha, kukata sampuli au kupeleka kipande maabara, uliza mkusanyiko umetoka wapi na wahusika wameafikiana nini juu yake. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayolinda mabaki na vitu vya wenyeji wa asili, Wahawaii wakiwemo. Kipande chochote kinachoweza kuwa cha mfupa wa mtu kisitobolewe wala kusagwa kwa ajili ya kipimo bila idhini. Kuangalia kwa macho na kupima kwa kalipa (kipimo chenye taya mbili) vinatosha kwa karibu kila kitu nitakachoeleza hapa.

Hatua ya 2: Tenga kazi iliyokamilika na iliyoachwa njiani

Mwaga yaliyomo kwenye mfuko mmoja, mmoja tu, juu ya kitambaa cheusi. Namba ya mfuko ibaki pembeni mwa trei wakati wote. Vipande vikichanganyika na vya mfuko mwingine, hakuna uainishaji utakaoviokoa.

Sasa fanya mafungu matatu. La kwanza ni ndoana zilizokamilika, nzima au zilizovunjika. La pili ni zilizoachwa kabla ya kumalizika. La tatu ni mabaki ya ufundi. Ili kuyatofautisha, ni lazima ujue ndoana ilivyotengenezwa. Fundi alikata kibao kidogo cha mfupa au gamba, akatoboa tundu katikati kwa keekee yenye ncha ya jiwe, kisha akalipanua kwa tupa hadi mdomo ukatokea. Tupa zake zilikuwa za matumbawe na za miiba minene ya yule nungunungu wa baharini. Ukiona kibao chenye tundu la mviringo na kingo ambazo bado ni pana, hiyo ni ndoana iliyoachwa. Ukiona kisahani kidogo cha katikati, au pembe ya kibao iliyokatwa, hayo ni mabaki. Mifuo ya tupa iliyokolea bila kusuguliwa nayo ni dalili ya kazi iliyoachwa njiani.

Wengi huweka mafungu la pili na la tatu pembeni na kuyasahau. Mimi nasema yathamini. Mahali penye vibao na tupa nyingi palikuwa karakana. Mahali penye ndoana zilizovunjika tu palikuwa pa kuvulia au kurekebishia vifaa. Jedwali lisilotofautisha haya mawili linalinganisha karakana na kambi ya wavuvi kana kwamba ni kitu kimoja.

Hatua ya 3: Malighafi

Andika unachokiona, si unachokidhania. Gamba la chaza lulu lina tabaka zinazong'aa na hubanduka kama karatasi likizeeka. Mfupa una vitundu vidogo na mistari inayofuata urefu wake. Mfupa wa ndege ni mwembamba na mwepesi. Gamba la ng'amba linapitisha mwanga kidogo ukiliinua dirishani. Kuna pia meno ya mbwa, meno ya nyangumi na mbao. Ndoana kubwa za papa zilikuwa za mti wenye ncha ya mfupa, na mara nyingi ardhini mti umeoza, imebaki ncha.

Kutofautisha mfupa wa mtu, nguruwe na mbwa ukishachongwa ni kazi ngumu sana kwa macho. Ukiwa na shaka, andika "mfupa wa mamalia". Ukikuta chuma, fahamu kwamba kwa kawaida uko baada ya Januari 1778, meli za James Cook zilipofika Kauaʻi na watu wakawa wanabadilishana nguruwe na mboga kwa misumari, ambayo wengine waliipinda kuwa ndoana.

Hatua ya 4: Kipande kimoja, viwili, au kifaa cha kuunganisha

Ndoana ya *kipande kimoja* imechongwa yote pamoja. Ya *vipande viwili* ina shina peke yake na mkono wa ncha peke yake, vilivyofungwa pamoja kwenye kitako kwa uzi. Uzi huo ulikuwa wa *olonā*, mmea wa misitu ya Hawaii wenye nyuzi imara mno. Uzi umeoza, basi wewe unapata nusu mbili zilizoachana, na mara nyingi moja tu.

*Vifaa vya kuunganisha* ni vya namna mbili kubwa. *Pā* ya kukokotea jodari mdogo aitwaye *aku* ina shina la chaza lulu lenye kumeremeta kama dagaa, ncha ya mfupa, na manyoya au nywele za nguruwe nyuma. Ya pili ni kifaa cha pweza, *lūheʻe*: gamba la kauri lililofungwa juu ya kijiti, chubwi la jiwe upande wa pili, na ncha ya mfupa chini. Pweza hulikumbatia lile kauri, mvuvi akavuta. Sehemu za kifaa hiki zikitapakaa, kauri huenda kwenye mfuko wa magamba, chubwi kwenye mfuko wa mawe, na ncha kwako. Omba uoneshwe mifuko hiyo mingine kabla hujafunga jedwali.

Hatua ya 5: Umbo la mpindo

Hapa ndipo ndoana inapozungumza habari za samaki.

Weka rula kwenye mkono wa ncha na urefushe mwelekeo wa ncha yenyewe kwa jicho. Mstari ukipanda sambamba na shina au ukielekea nje, una ndoana ya *kuchoma*. Mstari ukilikata shina, yaani ncha imepinda kuliangalia shina, au shina ndilo lililopinda kuiangalia ncha, una ndoana ya *kuzunguka*. Andika pia ni kipi kilichopinda: ncha, shina, au vyote.

Tofauti hii ni ya kazi kabisa. Ndoana ya kuchoma inamtaka mvuvi awe macho: samaki akigusa, anashtua mshipi kwa nguvu, ncha inaingia. Ndoana ya kuzunguka haitaki mshtuo. Samaki anaimeza na kugeuka, mshipi unakaza, ndoana inazunguka na kujikita kwenye pembe ya taya, na kadiri anavyovuta ndivyo inavyozidi kuingia. Inafaa kwenye kina, ambako mvuvi hahisi vizuri anachofanya samaki chini, na kwa samaki wakubwa kama *ʻulua*, ambaye ni kolekole wetu. Pia inalinda malighafi: mfupa na gamba havipindi kama chuma, vinavunjika, na mpindo wa ndani unausambaza mzigo badala ya kuuachia kitako peke yake.

Ukitaka kuuona ufundi huu ukifanya kazi leo, angalia ndoana za mviringo za chuma. Tangu 2004 meli za Hawaii zinazovua nduaro kwa mshipi mrefu karibu na uso wa maji zinalazimika kuzitumia, kwa sababu zinapunguza kunasa kasa. Fundi wa Ka Lae angezitambua papo hapo.

Onyo moja: kipande kilichovunjika juu ya kitako hakikuambii mpindo wa ncha. Kiandike "haijulikani". Kukisia kwamba "kinaelekea kuwa cha kuzunguka" ni kujaza jedwali kwa matumaini.

Hatua ya 6: Kichwa na maungio

Kama mpindo unasema habari za samaki, kichwa kinasema habari za mwalimu wa fundi. Ziko njia nyingi za kufanya mshipi usiteleze, na nyingi zinashika sawasawa. Samaki hachagui ndoana kwa namna ilivyofungwa. Kwa hiyo namna fulani ikitawala mahali fulani kwa wakati fulani, sababu kubwa ni kwamba hivyo ndivyo watu walivyofundishana. Ndiyo maana kichwa ni shahidi mzuri wa wakati kuliko mpindo.

Chukua lenzi ya mkono, weka taa ubavuni ili kila kivuli kionekane, kisha jibu maswali haya kwa kila kichwa: Kuna mkato, mfuo unaozunguka, au kinundu kinachochomoza? Upande wa nje, wa ndani, au pande zote? Mkato ni mmoja au zaidi? Juu ya kichwa ni bapa, ni mviringo, au pamechongoka? Kila jibu liwe na safu yake katika jedwali.

Kwa ndoana za vipande viwili, fanya hivyo hivyo kwenye kitako cha ncha. Tuseme una ncha ya mfupa ya urefu wa milimita 38. Igeuze hadi uso bapa ukuangalie; huo ndio uliolala juu ya shina, na mara nyingi mifuo myembamba ya tupa inaonekana juu yake ikienda mshazari ili kuungana kusiteleze. Sasa tazama ukingo wa nje, karibu na mwisho. Ukikuta mapengo madogo yaliyokatwa kuingia ndani ya mfupa, hiyo ni ya *mikato*. Ukikuta mfupa umepunguzwa kuzunguka hadi kikabaki kidonge kinachochomoza, hiyo ni ya *kinundu*. Pitisha ukucha: kwenye mkato ukucha unazama, kwenye kinundu unapanda. Ukucha mara nyingi hujua kabla ya jicho.

Na tofauti hii ndogo ndiyo iliyofungua Ka Lae. Kwenye tuta la mchanga la Puʻu Aliʻi ncha za mikato ndizo zilizotawala. Kwenye pango la Waiʻahukini, si mbali na hapo, Sinoto aliona mikato ikipungua na vinundu vikichukua nafasi kadiri tabaka zilivyopanda. Maeneo mawili ya wavuvi wale wale, bahari ile ile, na kitu cha upana wa punje ya mchele kikatenganisha mapema na baadaye.

Hatua ya 7: Vijino

Haraka tu. Kipo au hakipo. Kwenye ncha au kwenye shina. Upande wa ndani au wa nje. Usichanganye kijino na kovu la kuvunjika: kijino kina mifuo ya tupa chini yake, kovu lina ukingo mkavu.

Hatua ya 8: Pima, kisha hesabu

Vipimo vitano vinatosha: urefu wa shina, urefu wa mkono wa ncha, upana wa jumla, upana wa mdomo, na unene wa shina katikati. Tumia milimita yenye desimali moja. Pima kile kilicho kamili tu. Ukiandika urefu wa shina lililovunjika, uweke alama kwamba ni wa kipande.

Kuhesabu ndiko kunakoponza wengi. Ndoana moja ya kipande kimoja ikivunjika mara mbili inatoa vipande vitatu, na ya vipande viwili inatoa viwili hata bila kuvunjika. Ukihesabu vipande, ya vipande viwili itaonekana nyingi kuliko ilivyokuwa. Njia salama ni kuchagua sehemu moja inayotokea mara moja tu kwa kila ndoana na kuihesabu hiyo: vichwa kwa vichwa, au vitako vya ncha kwa vitako vya ncha. Andika hesabu zote mbili, ya vipande na ya ndoana chache kabisa zinazowezekana, na useme wazi unatumia ipi.

Uliza pia matundu ya chekeche yalikuwa na upana gani. Chekeche la milimita 6 linapitisha ndoana ndogo na ncha nyingi zilizovunjika. La milimita 3 linazishika nyingi. Ukilinganisha maeneo mawili yaliyochekechwa tofauti, utasema wavuvi wa huku walipenda samaki wakubwa, kumbe ni chekeche.

Hatua ya 9: Sasa fungua daftari la tabaka

Ni makusudi kwamba tabaka linakuja mwisho. Anayejua kipande kimetoka chini kabisa huona mikato hata pasipo na mkato.

Panga tabaka kutoka chini kwenda juu, na kwa kila tabaka weka asilimia ya kila namna ya kichwa, au ya kitako cha ncha. Tuseme chini una ncha 20 za mikato na 3 za vinundu, katikati 11 na 12, juu 4 na 26. Huo ni mwendo unaoaminika. Lakini kama katikati una ncha 3 tu, asilimia zake hazina maana. Ziunganishe na tabaka jirani au ziache wazi.

Usiufanye mwendo wa Ka Lae kuwa kalenda ya visiwa vyote. Nuʻalolo Kai, pwani ya Kauaʻi ambako ukavu wa pango ulihifadhi hata kamba na vitu vya mti, ni kisiwa kingine na mafundi wengine. Jenga mfuatano wa kila mahali kwanza, ndipo ulinganishe. Wala usitegemee miaka ya kaboni ya zamani bila kuichunguza. Vipimo vya miaka ya 1950 vilifanywa kwa mkaa ambao mti wake haukutambuliwa, na gogo kuukuu linaweza kuizidishia tabaka karne kadhaa. Leo wengi wanaweka kufika kwa watu wa kwanza Hawaii kati ya mwaka 1000 na 1200 hivi. Mfuatano wa ndoana husema kipi kilitangulia kipi. Mwaka wenyewe utafute kwa mkaa wa vijiti vilivyoishi muda mfupi.

Mwisho wa siku utabaki na trei ndogo ya visivyoingia popote: mashina yasiyo na kichwa, ncha zisizo na kitako, mfupa wenye mfuo mmoja. Usivisukume kwenye kundi lolote. Viwekee namba, vipige picha pande zote mbili pamoja na kipimo, uviache karibu na meza. Mfuko unaofuata ukifunguliwa, anza kwa kujaribu kingo zilizovunjika za trei hiyo dhidi ya vipande vipya, kimoja kimoja, kabla hujaandika mstari wa kwanza.